Jina la Msomaji Kabla ya Kitabu: Mwongozo wa Kuendesha Maktaba ya Kujitolea ya Watu wa LGBT

Kitabu kikipotea utanunua kingine. Jina la msomaji likivuja halizoleki. Yuko atakayefukuzwa nyumbani, yuko atakayeachishwa kazi, yuko atakayepigwa mtaani, na chanzo kikawa karatasi moja iliyosahauliwa mezani. Kwa hiyo, ikiwa wewe na wenzako mnataka kufungua maktaba ndogo ya watu wa LGBT, ambapo mtu ataazima kitabu, atakunywa chai na kukaa na wenziwe, amueni kwanza jinsi mtakavyolinda majina. Rafu na vitabu vitafuata.

Mwongozo huu umeandikwa kwa hali ya Kenya. Ukiwa Uganda, Tanzania au Burundi, soma kwanza onyo lililo mwisho wa sehemu ya pili.

1. Kwa nini maktaba?

Katika miji yetu mingi, watu wa LGBT hukutana baa au kwenye sherehe za usiku. Asiyekunywa pombe, mama mwenye mtoto mchanga, Mwislamu aliyefunga, mzee wa miaka 60, wote hao hawana pa kwenda. Maktaba inafunguliwa mchana, haina kiingilio, na inampa mtu sababu ya kuja peke yake bila kulazimika kuongea na yeyote. Anaweza kusoma kimya mara tatu, na mara ya nne akaanza kusalimiana.

Jambo hili lina mizizi Afrika. Hifadhi ya kumbukumbu ya GALA ilianzishwa Johannesburg mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na imekusanya barua, picha na simulizi za watu wa LGBT pamoja na maktaba ya jamii. Nje ya Afrika pia, jijini New York, Lesbian Herstory Archives ilianza mwaka 1974 ikakaa miaka mingi ndani ya nyumba ya kupanga ya Joan Nestle. Mwaka 1993 ilihamia nyumba yake yenyewe Brooklyn, iliyonunuliwa kwa michango ya watu wa kawaida. Hadi leo inaendeshwa na watu wanaojitolea. Hawakungoja mfadhili, na ninyi msimngoje.

2. Jua sheria imesimama wapi

Mtu anayejua haki yake hatishiki ovyo, na anayejua mpaka wa sheria hauvuki kwa bahati mbaya.

- Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatoa kifungo cha hadi miaka 14, na cha 165 hadi miaka 5. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Vifungu hivyo vinahusu vitendo vya ngono. Kusoma, kukutana na kunywa chai havimo.
- Tarehe 24 Februari 2023, Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba kulinyima shirika la National Gay and Lesbian Human Rights Commission usajili kulikuwa ubaguzi. Kesi hiyo ilikuwa imeanza mwaka 2013. Haki ya kujumuika iliyo katika kifungu cha 36 cha Katiba inawahusu na ninyi.
- Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu mwelekeo wa kijinsia wa mtu kuwa data nyeti. Ukiandika jina la msomaji, umebeba dhamana ya kisheria. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa mwenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72.

Hatua za usajili:

1. Mtafuteni wakili anayezijua kesi hizi kabla ya kujaza fomu yoyote.
2. Chagueni njia: kikundi cha kijamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, au shirika la manufaa ya umma chini ya sheria iliyoanza kutumika Mei 2024.
3. Andikeni madhumuni ya kweli kwa maneno mapana: usomaji, elimu ya afya, elimu ya haki. Msiandike uongo kwenye fomu, maana uongo huo ndio utakaotumika kuwafutia usajili.
4. Chagueni jina la kawaida, ambalo mtu anaweza kulitaja mbele ya shangazi yake bila kuulizwa maswali.

ONYO KWA MAJIRANI. Uganda ilitunga sheria mwaka 2023 inayotoa kifungo cha hadi miaka 20 kwa "kuendeleza" ushoga. Mahakama ya Katiba iliondoa vipengele vichache mwaka 2024, ikakiacha hicho. Tanzania bara, kifungo hufika maisha. Burundi iliharamisha mwaka 2009. Usiuchukue mwongozo huu ukafungua mlango huko. Zungumza na wakili kwanza, na fikiria mkusanyiko wa vitabu unaozunguka kati ya marafiki wachache wanaojuana.

3. Kutafuta mahali

Watu huangalia kodi na ukubwa wa chumba. Wewe anza getini. Majengo mengi ya Nairobi na Mombasa yana daftari la wageni, na kila anayeingia huandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na anakokwenda. Askari wa mlangoni akiwa na daftari hilo, kila msomaji wako ameorodheshwa, na orodha si yako.

Kabla ya kulipa kodi, kagua haya:

- Je, mgeni anaweza kuingia bila kuandikishwa?
- Je, ghorofa hiyo ina shughuli nyingine, kama kinyozi, fundi nguo au ofisi ndogo, ili mtu anayepanda ngazi asijulikane anaelekea wapi?
- Je, kuna njia mbili za kutokea?
- Je, choo kiko ndani, na kinafungika vizuri, ili mtu wa jinsia yoyote aingie bila kukaguliwa kwa macho?
- Je, mtu wa kiti cha magurudumu anafika?
- Je, kituo cha matatu kiko karibu, na barabara ina taa jioni?

Mkataba uandikwe kwa jina la kikundi kilichosajiliwa, na mwenye nyumba aelezwe kwamba ni maktaba na mahali pa mikutano. Muda wa notisi uwemo. Msifungue kabla ya kuweka akiba ya kodi ya miezi mitatu, kwa sababu maktaba nyingi ndogo hufa mwezi wa kwanza ambao mchangaji mkubwa amekwama.

4. Vitabu: kuvipata, kuvipanga, kuvitunza

Msijaze rafu vitabu vya LGBT peke yake. Msomaji anahitaji riwaya, mashairi, vitabu vya afya, Katiba na vitabu vya biashara. Rafu yenye kila kitu inampendeza msomaji, na inamkinga yeyote atakayeulizwa alikuwa wapi.

KISANDUKU: Rafu ya kuanzia

- *Queer African Reader*, mkusanyiko uliohaririwa na Sokari Ekine na Hakima Abbas (2013)
- *Stories of Our Lives*, simulizi za Wakenya zilizokusanywa na The Nest Collective
- *Under the Udala Trees* cha Chinelo Okparanta (2015) na *Walking with Shadows* cha Jude Dibia (2005), vyote vya Nigeria
- *The Hairdresser of Harare* cha Tendai Huchu (2010), Zimbabwe
- "Jambula Tree", hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007
- *One Day I Will Write About This Place* cha Binyavanga Wainaina (2011)
- Riwaya za Kiswahili: *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, na *Peponi*, tafsiri ya riwaya ya Gurnah

Vya mitumba vinavyotandazwa kando ya njia katikati ya Nairobi vitawajazia rafu kwa bei nafuu. Vya LGBT huenda mkalazimika kuviagiza au kuletewa na jamaa anayerudi kutoka ng'ambo. Msitoe fotokopi ya kitabu kizima, maana kazi ya mwandishi ina haki yake.

Namna ya kukipokea kitabu:

1. Pekua kurasa zote. Vitabu vya kupewa huwa na barua, picha na risiti zenye majina. Mrudishie mwenyewe au zichane.
2. Ukiona vitundu au unga wa wadudu, funga kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, kiweke kwenye friza wiki mbili, kisha kiache siku moja ndani ya mfuko huohuo kabla ya kufungua, kisiingiwe na unyevu.
3. Kiandike kwenye daftari la vitabu: namba, jina la kitabu, mwandishi, tarehe kilipoingia. Jina la aliyekitoa lisiandikwe, hata kama ni kwa shukrani.
4. Bandika utepe wa rangi mgongoni: kijani kwa riwaya, bluu kwa afya, njano kwa sheria na haki, nyekundu kwa historia na maisha ya watu. Kwa vitabu 500 hamhitaji mfumo mwingine. Ndani ya rangi moja pangeni kwa jina la mwandishi. Lesbian Herstory Archives hutumia jina la kwanza la mwandishi, nanyi mnaweza.
5. Kivike karatasi ya kaki, kama daftari la mtoto wa shule. Karatasi hiyo inalinda jalada, na mtu anaweza kukisoma kitabu chake kwenye matatu bila jirani kusoma kichwa chake. Andika namba tu juu yake.

Rafu zisiguse ukuta, hasa Pwani ambako unyevu na mchwa humaliza vitabu. Acha nafasi ya upana wa kiganja nyuma, na rafu ya chini iinuke kutoka sakafuni.

5. Kuazimisha bila kuacha alama

Mwaka 1919 Magnus Hirschfeld alifungua Berlin taasisi iliyokuwa na maktaba kubwa ya masuala ya jinsia. Tarehe 6 Mei 1933 wafuasi wa Hitler waliivamia, na siku nne baadaye vitabu vyake vilichomwa hadharani. Kumbukumbu zilizokusanywa kwa nia njema zaweza kuangukia mkononi mwa adui siku moja. Kanuni ya kwanza basi ni fupi: usichokiandika hakiwezi kuibwa.

Utaratibu mezani uwe hivi:

1. Msomaji mpya huchagua jina la kuitiwa na kupewa kadi yenye namba peke yake. Haulizwi kitambulisho. Badala yake anaweka amana ya shilingi 200, au kiasi mtakachokubaliana, ambayo atarudishiwa akiondoka uanachama. Asiyekuwa nayo adhaminiwe na msomaji mwingine.
2. Anapoazima, anayehudumu huandika kikaratasi chenye mambo matatu: namba ya kadi, namba ya kitabu, siku ya kurudisha. Siku 21 zinatosha.
3. Kikaratasi huwekwa kwenye kisanduku chenye kufuli.
4. Kitabu kikirudi, kikaratasi huchanwa palepale mbele ya msomaji. Hatua hii msiiruke kamwe. Tuseme msomaji namba 31 amerudisha kitabu cha njano namba 208. Unatoa kikaratasi chake, unamwonyesha, unakichana vipande vinne, unavitia kwenye kopo la taka la kuchomwa. Hapo anajua kwa macho yake kwamba hakuna mahali palipobaki habari ya alichosoma.
5. Kitabu kikichelewa, msimpigie simu. Ngojeni. Baada ya miezi mitatu amana inafidia, na kitabu kinahesabiwa kimepotea.

Mtapoteza vitabu kwa njia hii. Wekeni hasara hiyo kwenye bajeti na mwendelee.

6. Wanaojitolea na zamu zao

Anzeni na siku moja kwa wiki, kwa mfano Jumamosi saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Mlango unaofunguka siku moja bila kukosa unaaminika kuliko unaofunguka siku tano kwa kubahatisha. Kila zamu iwe na watu wawili. Mkiwa sita, kila mmoja anashika zamu mara moja kwa wiki tatu, na hilo linabebeka hata kwa mwenye kazi na watoto.

Anayetaka kujitolea:

- adhaminiwe na wanachama wawili wanaomfahamu;
- akae zamu tatu pamoja na mwenyeji kabla ya kupewa ufunguo;
- atie sahihi ahadi ya siri;
- akubali kutomtongoza mgeni mpya, wala kumkopesha au kumkopa fedha msomaji.

Sharti hilo la mwisho lina sababu. Mtu anayekuja mara ya kwanza mara nyingi amejaa hofu na upweke, na kumtumia katika hali hiyo ni dhuluma. Anayelivunja arudishe ufunguo siku hiyohiyo, awe mwanzilishi au asiwe.

Watu watakuja na mizigo mizito: aliyefukuzwa kwao, aliyelazimishwa kuoa, anayefikiria kujiua. Anayehudumu si mshauri nasaha. Mfundisheni kusema: "Ahsante kwa kuniamini. Hili limenizidi, lakini namfahamu mtu atakayekusaidia. Tumpigie pamoja?" Kando ya meza iwepo orodha ya kliniki, mshauri na wakili mliokwisha kuwajaribu ninyi wenyewe. Anayesema atajidhuru asiachwe peke yake hadi apatikane wa kumpokea.

7. Wageni wapya na mikutano

Kuna matapeli wanaojifanya wenzetu kwenye mitandao ya kutafutia wapenzi, kisha wanadai fedha kwa kutisha kutangaza jina la mtu. Kwa hiyo anwani isitangazwe. Mgeni mpya akutane kwanza na watu wawili mahali penye watu wengi, kama mkahawa, mchana, ndipo aelekezwe maktabani.

Kanuni za chumba, zibandikwe ukutani:

1. Wasomaji wa miaka 18 na kuendelea tu.
2. Simu hazipigi picha wala kurekodi ndani.
3. Kilichosemwa hapa hakitoki hapa. Ukikutana na mwenzako sokoni, ngoja akusalimie yeye kwanza.
4. Muulize mtu anapenda kuitwaje, dada au kaka, na umwite hivyo.
5. Hakuna pombe wala dawa za kulevya.
6. Hakuna kumhubiria mtu wala kuidharau dini yake.

Angalieni pia nani anakaa kimya. Vikao vingi hutawaliwa na wanaume wenye sauti na wenye nauli. Tengeni saa za wanawake, na saa za watu waliobadili jinsia. Huntha wasisahauliwe: sensa ya Kenya ya 2019 ndiyo ya kwanza barani kuwahesabu, na ilipata 1,524.

Mikutano inayofaa ni kusoma kitabu kimoja kwa mwezi, darasa la kujua haki zako, kliniki ya kuuliza maswali ya afya, na jioni ya kushona au kupika pamoja. Filamu ziende kwa uangalifu. Maonyesho ya hadhara yanahitaji kibali cha Bodi ya Kuainisha Filamu, na filamu ya *Stories of Our Lives* ilinyimwa mwaka 2014.

Kwa matangazo, msitumie kundi la WhatsApp, kwa sababu kila aliyemo anaona namba za wote. Tumieni orodha ya matangazo, ambayo kila mtu hupokea ujumbe wake peke yake, na maneno yawe ya kawaida: "Vitabu Jumamosi, saa nane."

8. Fedha

M-Pesa ni rahisi, lakini huonyesha jina la anayetuma kwa anayepokea, na jina la anayepokea hubaki kwenye simu ya aliyetuma. Mama yake akiishika simu hiyo, ataliona. Basi namba ya malipo isajiliwe kwa jina la kawaida la kikundi, isiwe simu ya mtu binafsi. Kopo la mchango liwepo pia kwa anayetaka kutoa taslimu bila kujulikana.

- Mweka hazina na mwenye ufunguo wa sanduku wawe watu wawili tofauti.
- Kila mwisho wa mwezi bandikeni karatasi: mapato, matumizi, salio. Majina ya wachangaji yasiwemo.
- Mfadhili akidai picha za wasomaji au orodha ya waliohudhuria, mpeni idadi. Akisisitiza, kataeni fedha hizo.

9. Siku ya taabu

KISANDUKU: Polisi wakibisha hodi

- Mtu mmoja aliyeteuliwa ndiye azungumze. Wengine wakae kimya, wasikimbie.
- Uliza kwa heshima vitambulisho vya kazi, kituo walikotoka na hati ya upekuzi. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha.
- Msiwazuie kwa nguvu, msitoe hongo, msiharibu karatasi mbele yao.
- Pigeni simu kwa wakili. Namba yake iwe kichwani mwa kila mwenye zamu.
- Aliyekamatwa, kwa kifungu cha 49, ana haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, kukaa kimya, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata.
- Simu isifunguliwe kabla ya kuongea na wakili.

Wekeni pembeni mfuko mdogo wa wakili na nauli. Duka la vitabu la Gay's the Word jijini London lilivamiwa na maofisa wa forodha mwaka 1984, na wakurugenzi wake wakashtakiwa. Wasomaji na waandishi walichanga fedha za utetezi, na mashtaka yakaondolewa mwaka 1986. Waliowaokoa ni marafiki waliokuwa nao kabla ya shida. Jirani wa chini, fundi wa kufuli na kiongozi wa dini mwenye roho nzuri wafahamuni mapema.

Mwenye nyumba akitoa notisi ya ghafla, vitabu viwe tayari kuhama. Tumieni masanduku madogo ambayo mtu mmoja anaweza kuyabeba, na kila sanduku liandikwe rangi ya rafu yake.

10. Makosa ya kawaida

- Kufungua kwa shangwe na picha mitandaoni. Picha moja ya ufunguzi inaweza kuharibu maisha ya mtu aliyesimama nyuma.
- Mtu mmoja kushika kila kitu: ufunguo, fedha, nywila. Akiugua, maktaba imefungwa.
- Kuruhusu mgeni "wa rafiki yangu" kwa sababu mvua inanyesha.
- Kugeuza maktaba kuwa malazi. Aliyefukuzwa kwao anahitaji hifadhi ya kweli, na chumba chenu hakina kibali wala ulinzi wa usiku. Mpelekeni kwa shirika linalofanya kazi hiyo.
- Kuendelea kwa aibu wakati nguvu zimekwisha. Fungeni mwezi mzima, mpumzike, mtangaze siku ya kurudi.

11. Orodha ya mwisho kabla ya kufungua

☐ Wakili amesoma madhumuni na mkataba
☐ Kodi ya miezi mitatu ipo
☐ Hakuna daftari la wageni getini
☐ Watu sita, zamu zimepangwa kwa miezi miwili
☐ Vitabu vimepekuliwa, vimeandikwa na kuvikwa kaki
☐ Kadi za namba na kisanduku cha vikaratasi viko tayari
☐ Kanuni za chumba ziko ukutani
☐ Orodha ya kliniki, mshauri na wakili imejaribiwa
☐ Kila mwenye zamu ameshika namba ya wakili kwa moyo
☐ Masanduku ya kuhamia yako chini ya rafu

Mkikosa hata alama moja, ahirisheni wiki moja. Watu wamevumilia muda mrefu kupata mahali hapa, na wiki moja zaidi haitawaumiza kama siri iliyovuja. Mkizipata zote, fungueni mlango Jumamosi hii, hata kama vitabu ni 40 na viti ni vinne. Wapo watakaokuja, na wakishaona majina yao yako salama, wao ndio watakaoijaza rafu.